Deiwaka wa klabu kumi na nne

Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 5 Novemba 2021, niliamka saa tisa na dakika kadhaa kutazama mchezo wa futiboli ya Kimarekani kati ya Indianapolis Colts na New York Jets, na kilichonitoa kitandani kilikuwa jina la kijana mmoja, Mike White. Jumapili iliyotangulia White, ambaye mashabiki wengi hawakuwa wakimfahamu, alikuwa amerusha pasi zilizofikisha jumla ya yadi 405 na kuwafunga Cincinnati Bengals 34 kwa 31, nami nilitaka kuona kama angeweza kurudia. Hakupata nafasi hiyo. Katika robo ya kwanza aliumia kigasha cha mkono anaorushia, akatoka, na kutoka benchi akaingia mtu mzima wa miaka 35 ambaye jina lake, Josh Johnson, halikuniambia kitu chochote.

Hadi mchezo unakwisha, mtu yule alikuwa amerusha yadi 317 na pasi tatu za kufunga. Jets walishindwa 45 kwa 30, na pasi yake moja ya mwishoni ilinaswa na wapinzani, lakini mimi sikurudi kulala. Nilikaa mpaka jua likawa juu nikisoma habari zake, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kushangaa kwamba nilikuwa nimeufuatilia mchezo huu kwa miaka na mtu huyu akanipita. Nimeendelea kumfuatilia tangu siku ile. Leo nataka kuandika juu yake kwa sababu ninaamini kwamba kazi yake haieleweki, hata na wanaoupenda mchezo, na kwamba namna ya kuielewa ipo katika neno ambalo sisi wa Dar es Salaam tunalo tayari.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo, niseme kwanza kwamba ligi kuu ya Marekani, NFL, ina klabu 32, na kila klabu humtegemea mtu mmoja kuliko wengine wote, naye ni kwotabeki. Yeye ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na kuamua, ndani ya sekunde mbili au tatu, kama ataurusha, ataupa mwenzake au atakimbia nao mwenyewe. Klabu ina kwotabeki mmoja wa kuanza, na nyuma yake mmoja au wawili wa akiba. Beki wa soka akiwa wa akiba anaweza kutumaini kuingia dakika ya sabini ili kulinda matokeo. Kwotabeki wa akiba hana tumaini hilo, kwa kuwa anayeanza akiwa mzima na anacheza vizuri hatolewi kamwe, wiki hii wala ijayo, na msimu mzima unaweza kupita bila wa akiba kugusa mpira katika mchezo wa ligi. Anaingia pale tu mwenzake anapovunjika.

Neno ninalolisema ni deiwaka. Anayeijua stendi ya daladala anamjua deiwaka: ni dereva asiye na gari lake la kudumu, anayefika kituoni kabla ya jua akiwa amenyoosha shati lake, akae pembeni akingoja dereva fulani augue, au achoke mchana, au apate msiba, ndipo aitwe apige trip tatu au nne na kurudisha ufunguo. Baba mdogo wangu alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Tulipokuwa watoto tulidhani kwamba yeye ni dereva mbaya, kwa sababu angekuwa mzuri angekuwa na gari. Ni siku moja tu, nikiwa nimekaa kiti cha mbele, nilipomwona akiwasha gari ambalo hakuwahi kuliendesha, akalisikiliza kidogo, akakanyaga klachi mara mbili bila kuondoka, kisha akasema kwamba hili linashikia juu na gia yake ya pili inataka kubembelezwa. Tukaondoka bila abiria hata mmoja kutambua kwamba dereva amebadilika. Wenye magari yao wanalijua gari moja. Baba mdogo aliyajua yote ya njia ile.

Josh Johnson alizaliwa Mei 1986 huko Oakland, California, akasoma shule ya sekondari ya Oakland Technical pamoja na ndugu yake Marshawn Lynch, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wakimbiaji mashuhuri wa ligi, na ambaye pamoja naye alianzisha taasisi ya kuwasaidia vijana wa mji wao. Vyuo vikubwa vilimchukua Lynch. Johnson alikwenda Chuo Kikuu cha San Diego, ambacho timu yake hucheza katika ligi ndogo isiyotoa ufadhili wa masomo kwa ajili ya futiboli, maana yake ni kwamba mchezaji hulipiwa ada na mtu mwingine au hujilipia. Kocha wake huko alikuwa Jim Harbaugh, aliyewahi kuwa kwotabeki wa NFL na ambaye wakati huo alikuwa anaanza tu safari ya ukocha. Katika msimu wake wa mwisho chuoni, mwaka 2007, Johnson alirusha pasi 43 za kufunga, na wapinzani wakanasa pasi yake moja tu. Naomba msomaji aipe takwimu hiyo uzito wake, hata kama ligi ilikuwa ndogo: arobaini na tatu kwa moja. Katika uteuzi wa kila mwaka, ambapo klabu za NFL huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni, Tampa Bay Buccaneers walimteua katika raundi ya tano mwaka 2008, akiwa mchezaji wa 160 kuchaguliwa.

Huko Tampa Bay ndiko alikopata kitu kinachokaribia kuwa makazi. Alikaa misimu minne, na mwaka 2009 alipewa michezo minne mfululizo ya kuanza, katika timu iliyokuwa dhaifu, akashindwa yote. Klabu ikamgeukia kijana iliyokuwa imemteua mwaka huo huo katika raundi ya kwanza, Josh Freeman. Desemba 2011 Freeman alipoumia bega, Johnson alianza mchezo mmoja zaidi, nao pia ukapotea. Hakuna aliyejua siku hiyo kwamba ingechukua miaka saba kamili kabla hajaanza mchezo mwingine wa NFL.

Mwaka 2012 Harbaugh, sasa akiwa kocha wa San Francisco 49ers, alimwita mwanafunzi wake wa zamani, lakini mwishoni mwa maandalizi klabu ikamtema. Alikwenda kucheza Sacramento katika ligi ndogo ambayo ilisimama Oktoba mwaka huo huo bila kumaliza msimu, na mwezi Desemba Cleveland Browns wakamchukua. Mwaka 2013 alikuwa Cincinnati akisugua benchi nyuma ya Andy Dalton. Mwaka 2014 alirudi San Francisco. Mwaka 2015 pekee alipita Cincinnati, New York Jets, Indianapolis na Buffalo. Mwaka 2016 alifanya maandalizi na Baltimore kisha akamaliza msimu na New York Giants, 2017 akamalizia Houston, na mwanzoni mwa 2018 alisajiliwa na Raiders, wakati huo klabu ya mji alikozaliwa, akaachwa kabla ya kuchezea mchezo hata mmoja wa ligi. Ukiisoma orodha hiyo kwa haraka, kama nilivyoisoma mimi asubuhi ile, inafanana na orodha ya kukataliwa.

Lakini isome tena pamoja na utaratibu wa ligi. Kila Agosti klabu ina wachezaji wapatao 90 kambini, na kabla ya mchezo wa kwanza inalazimika kubaki na 53. Wanaokatwa kwa mkupuo ni zaidi ya elfu moja ligi nzima, ndani ya siku chache. Mkongwe aliyetimiza misimu minne yumo hatarini kwa namna ya pekee, kwa sababu akiwa kwenye orodha siku ya mchezo wa kwanza anapata haki ya kudai mshahara wa msimu mzima hata kama ataachwa baadaye; hivyo klabu nyingi humwacha wiki moja kabla, zikamwambia asiende mbali, kisha zikamwita baada ya mchezo wa kwanza kwa malipo ya wiki kwa wiki. Chama cha wachezaji kimekuwa kikikadiria kwamba maisha ya kawaida ya mchezaji katika ligi hiyo ni miaka mitatu na kidogo. Wengi wa wenzake Johnson walioteuliwa pamoja naye mwaka 2008 walikuwa wameshatundika viatu wakati yeye alikuwa bado anapigiwa simu.

Fedha nazo zisemwe wazi, kwa sababu sitaki mtu adhani ninaandika habari za umaskini. Mwaka 2021 mkongwe aliyekuwa kwenye kikosi cha mazoezi tu, yaani nje ya wale 53, alilipwa dola 14,000 kwa wiki, na kiwango cha chini cha mshahara wa mwaka kwa mwenye misimu saba au zaidi ndani ya orodha kilikuwa dola 1,075,000. Ni fedha nyingi kwa kipimo chochote. Isipokuwa kwamba mtu wa kikosi cha mazoezi anaweza kuambiwa Jumanne arudishe kitabu cha mbinu, yaani ameachwa, na kodi ya nyumba aliyopanga katika mji huo, shule za watoto na safari ya mizigo ni juu yake. Mimi ningependa kujua ni majiji mangapi ambayo Johnson ameyajua kwa hoteli ya karibu na kiwanja cha mazoezi na barabara moja ya uwanja wa ndege.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nimheshimu, nalo ni lugha. Katika futiboli ya Kimarekani kila shambulizi lina jina, na kwotabeki ndiye anayelitamka mbele ya wenzake kumi waliojikusanya kumzunguka. Anapewa jina hilo na kocha kupitia redio iliyomo ndani ya helmeti yake, na redio hiyo hukatwa saa inayohesabu muda wa kuanzisha shambulizi inapobakiza sekunde 15. Kabla ya hapo lazima awe amelisikia, amelielewa na kuanza kulitamka bila kigugumizi. Taabu ni kwamba majina hayo hayafanani kutoka klabu hadi klabu. Katika ukoo mmoja wa mbinu, njia atakayokimbia kila mpokeaji huitwa kwa tarakimu, kiasi kwamba amri nzima husikika kama namba ya simu. Katika ukoo mwingine kila njia ina neno lake, na amri huwa sentensi ndefu ya maneno kumi au zaidi, lisilofanana hata moja na lile lililotumika klabu jirani. Katika ukoo wa tatu neno moja hubeba picha nzima ya shambulizi, na kila mchezaji hutakiwa kujua sehemu yake katika picha hiyo kutokana na mahali aliposimama. Kitu kile kile kabisa, watu wale wale watano wakikimbia njia zile zile, kinaweza kuwa na majina matatu yasiyohusiana. Mbaya zaidi, neno lile lile linaweza kuwa na maana moja Cleveland na maana tofauti Buffalo, na aliyelijua kwa maana ya kwanza anapaswa kulisahau kabla ya kulijifunza kwa maana ya pili.

Kwotabeki anayekaa klabu moja miaka kumi huijua lugha yake kama lugha ya mama. Johnson amehama kutoka lugha moja kwenda nyingine mara nyingi kuliko mtu yeyote, na mara nyingi amehamia katikati ya msimu, wakati hakuna aliye na nafasi ya kumfundisha, kwa kuwa mazoezi yote ya wiki hutengwa kwa ajili ya anayeanza. Wa akiba hupewa kazi nyingine: kuiga kwotabeki wa timu itakayochezwa Jumapili, ili walinzi wa timu yake wajizoeze. Wiki hii anakuwa mpinzani huyu na wiki ijayo yule, huku kitabu cha mbinu za klabu yake mwenyewe akikisoma usiku peke yake. Ni kazi isiyoonekana kwenye jedwali lolote la takwimu, na mtu akiitathmini kazi ya Johnson kwa idadi ya pasi alizorusha katika michezo ya ligi, anakuwa amempima deiwaka kwa idadi ya trip bila kuuliza alifika stendi mara ngapi.

Desemba 2018 jambo hilo lilionekana hadharani. Tarehe 18 Novemba Alex Smith, kwotabeki wa Washington, alivunjika mguu vibaya mno. Aliyemrithi, Colt McCoy, naye alivunjika mguu tarehe 3 Desemba. Washington ikabaki na Mark Sanchez, ikamtafuta mtu wa pili, ikampata Johnson, ambaye siku chache kabla alikuwa ameteuliwa na timu ya San Diego ya ligi mpya iliyokuwa inajiandaa kuanza mwezi Februari. Alifika bila kumjua karibu mtu yeyote. Ilisimuliwa sana wakati huo, naye mwenyewe alithibitisha, kwamba alitumia mchezo wa video wa Madden kujifunza majina ya wenzake, kwa sababu ndani yake kila mchezaji yupo na jina, namba na nafasi yake. Watu wengi waliichukua habari hiyo kama kichekesho. Mimi naiona kama habari ya mtu mwenye akili: alikuwa na siku nne, kitabu cha mbinu mbele yake, na wenzake zaidi ya hamsini ambao angetakiwa kuwaita kwa majina, na akatumia kifaa kilichokuwa karibu.

Tarehe 9 Desemba Washington walikuwa wanapigwa vibaya na New York Giants, Sanchez akatolewa, Johnson akaingia. Giants walishinda 40 kwa 16, na pointi zote za Washington zilipatikana yeye akiwa uwanjani. Wiki iliyofuata, tarehe 16, alianza mchezo huko Jacksonville, na Washington wakashinda 16 kwa 13 kwa teke la pointi tatu lililopigwa muda ukiwa umekwisha. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza kama kwotabeki aliyeanza mchezo, karibu miaka kumi na miezi minane tangu Tampa Bay ilipotaja jina lake. Michezo miwili iliyobaki ilipotea, msimu ukaisha, na Washington haikumhifadhi. Agosti 2019 alikuwa Detroit kwa muda mfupi. Mwanzoni mwa 2020 alikuwa Los Angeles katika ligi nyingine mpya, XFL, ambayo ilisimama baada ya wiki tano kwa sababu ya Korona na kisha kufilisika.

Wapo wanaomlinganisha na Ryan Fitzpatrick, na ulinganisho huo hunikera kidogo, ingawa Fitzpatrick nampenda. Fitzpatrick aliyetoka Harvard, akateuliwa wa 250 mwaka 2005, na kuanza michezo katika klabu tisa tofauti, alikuwa mhamaji wa aina nyingine: kila alikokwenda alikabidhiwa timu angalau kwa muda, akapata wiki za mazoezi na wapokeaji wake, akawa na nafasi ya kupendwa na mji na pia ya kuuvunja moyo. Huyo ni sawa na dereva aliyeendesha magari tisa, kila moja kwa mwaka mmoja hadi minne. Johnson hakupewa ufunguo kwa muda wa kutosha hata kuweka kiti sawa.

Tazama jinsi ilivyokuwa Baltimore. Lamar Jackson aliumia kifundo cha mguu tarehe 12 Desemba 2021. Siku tatu baadaye Ravens walimchukua Johnson kutoka kikosi cha mazoezi cha Jets ili awe nyuma ya Tyler Huntley. Siku ya Krismasi Huntley akawekwa karantini kwa sababu ya Korona, na tarehe 26 Johnson akaanza dhidi ya Cincinnati, siku kumi na moja baada ya kusajiliwa. Alirusha yadi 304 na pasi mbili za kufunga. Kwa upande wa pili Joe Burrow alirusha yadi 525, na mchezo ukaisha 41 kwa 21 kwa Bengals. Ndani ya wiki nane, basi, alikuwa amevuka yadi mia tatu mara mbili kwa klabu mbili tofauti na kwa lugha mbili tofauti, akashindwa mara zote mbili, na kila mara kosa kubwa la timu lilikuwa upande wa ulinzi.

Siku iliyo ngumu kwangu kuiandika ni tarehe 29 Januari 2023. San Francisco walikuwa wamempoteza Trey Lance mwezi Septemba, na Jimmy Garoppolo mwanzoni mwa Desemba, na timu ilikuwa mikononi mwa kijana wa mwaka wa kwanza, Brock Purdy, aliyekuwa mchezaji wa mwisho kabisa kuteuliwa mwaka 2022. Johnson aliletwa kutoka Denver awe nyuma yake. Purdy alishinda mchezo baada ya mchezo mpaka timu ikafika hatua moja kabla ya Super Bowl, yaani fainali ya ligi, katika mchezo uliochezwa Philadelphia. Katika robo ya kwanza Haason Reddick aliugonga mkono wa Purdy wakati anarusha, kiwiko kikaumia, na Johnson akiwa na miaka 36 akaingia katika mchezo mkubwa kuliko yote ya maisha yake.

Mwishoni mwa nusu ya kwanza mpira ulimponyoka alipokuwa anaupokea, Reddick akaudaka, na Eagles wakafunga muda mfupi baadaye; badala ya kwenda mapumziko wakiwa nyuma kwa 14 kwa 7, wakawa nyuma 21 kwa 7. Lilikuwa kosa lake na sina haja ya kulipamba. Mwanzoni mwa robo ya tatu aliangushwa, kichwa kikagonga nyasi, na madaktari wakamtoa kwa mtikisiko wa ubongo. Purdy alilazimika kurudi akiwa hawezi kurusha mpira zaidi ya yadi chache, timu nzima na uwanja mzima wakijua hivyo, na Eagles wakashinda 31 kwa 7. Nilitazama mpaka mwisho. Nilikuwa nimengoja mwaka mzima kumwona tena uwanjani, na nilipomwona akiongozwa kwenda chini ya jukwaa nilikumbuka kwamba deiwaka hupewa gari siku ile ambayo gari lenyewe lina matatizo.

Mwezi Mei mwaka huo wenye klabu walipitisha kanuni ya kuruhusu kwotabeki wa tatu wa dharura avae siku ya mchezo bila kuhesabiwa katika nafasi za kawaida, ili yaliyotokea Philadelphia yasijirudie. Kanuni ya namna hiyo iliwahi kuwapo tangu 1991 hadi 2010, ikaondolewa. Katika mijadala niliyoisoma jina la Purdy lilitajwa sana. Kwangu mimi ni kanuni ya Johnson pia, kwa kuwa ni kuumia kwake, baada ya kuumia kwa Purdy, ndiko kulikoionyesha ligi kwamba nyuma ya mtu wa mwisho hapakuwa na mtu.

Nilisema kwamba orodha yake inafanana na orodha ya kukataliwa. Nilipoichora kwenye karatasi, safari hii nikiandika klabu upande mmoja na miaka upande wa pili, niliona kitu ambacho kusoma kwa mstari kulikuwa kumenificha. San Francisco imemsajili mwaka 2012, ikamrudia 2014, ikamrudia 2020, ikamrudia 2022. Baltimore ni 2016, 2021, kisha tena 2023 na 2024. Cincinnati mara mbili. Jets mara mbili. Makocha walibadilika, mameneja walibadilika, na walioondoka klabu moja walimkumbuka walipofika klabu nyingine. Ligi hiyo haina huruma ya kumwajiri mtu kwa kumwonea haya. Anayemrudia mchezaji kwa mara ya nne anafanya hivyo kwa sababu ameshamwona akikaa darasani mpaka saa za usiku na kijana wa miaka 23 ambaye ndiye anayemzuia kucheza, akimweleza alichokiona kwa walinzi wa upande wa pili, na siku ya tatu baada ya kufika akitamka amri ndefu bila kuangalia karatasi iliyofungwa kwenye kifundo cha mkono.

Nilimsimulia baba mdogo habari hizi mwaka jana, kwa kirefu, nikichora uwanja kwenye daftari la mwanawe. Hajawahi kuutazama mchezo huo na sidhani kama atautazama. Aliuliza swali moja tu, kama hao wenye timu humlipa siku ambazo hakupewa gari. Nilimwambia kwamba humlipa. Akatikisa kichwa, akasema basi huyo bwana ameipata kazi.

Mwaka 2025 Washington, klabu ambayo alijifunza majina ya wachezaji wake kwa mchezo wa video, ilimsajili tena. Alikuwa anatimiza miaka 39. Kwotabeki namba moja wa klabu hiyo ni Jayden Daniels, aliyezaliwa Desemba 2000, wakati Johnson alipokuwa na miaka 14 na bado yuko Oakland. Waliokuwamo 2018 walikuwa karibu wote wameondoka, klabu yenyewe imebadilisha jina na mmiliki, na aliyesimamia mashambulizi alikuwa Kliff Kingsbury, ambaye mbinu zake si zile alizozikuta Johnson mara ya kwanza. Kitabu kilikuwa kipya, naye alianza ukurasa wa kwanza.